Maji Meupe ya Direkta

Samaki wa tano alikufa Jumatatu asubuhi, mbele ya macho ya Mama Okito mwenyewe, kikombe cha kahawa mkononi. Alimwona akipinduka tumbo juu, na lile doa jekundu la ubavuni likipauka kidogo kidogo, mpaka kahawa ikapoa bila kunywewa.

"Kankolongo!" aliita. "Kankolongo, njoo uone kazi yako!"

Kankolongo alikuwa uani, amechuchumaa, anaosha vitambaa vya kuchujia. Hakuwa mtumishi wa nyumba ile, tuelewane hapo mapema. Alikuwa fundi wa maji katika depo ya reli ya Kindu, mtu wa kutia dawa katika matangi ya magari ya moshi ili yasishike ukoko. Lakini Direkta Okito, mkubwa wa depo, alikuwa amependa kuwa na sanduku la kioo la samaki sebuleni, na mkubwa akipenda kitu, mdogo naye hukipenda, atake asitake. Basi mwaka wa pili ule fundi wa magari ya moshi alikuwa akianza siku yake kwa kuwaamkia samaki.

Samaki wenyewe walitoka vijito vya msitu wa Punia, kumi na wawili, wamesafirishwa kwa ndoo. Mama Okito, mkewe, alitaka gogo liwekwe ndani ili wasisahau kwao. Gogo likatoa rangi, maji yakawa kama chai, na Direkta hakutaka chai ya namna hiyo sebuleni kwake. Ndipo Kankolongo akaunda mashine. Alichukua kioo kinene cha taa ya gari la moshi, urefu wake toka kiwiko mpaka ncha za vidole, akakiziba juu na chini, akakitia makaa yaliyopondwa punje punje hadi nusu, akaunga mpira mmoja chini na mwingine juu, na pampu ndogo pembeni. Maji yaliingia kwa chini, yakayainua makaa yakacheza taratibu kama mchele unaoanza kuchemka, kisha yakatokea juu kupitia kitambaa, meupe pe. Na sharti yapite taratibu. Ukiyakimbiza, makaa yanasagana yenyewe kwa yenyewe na sanduku zima linageuka wino. Hilo Kankolongo alilijua. Alijua pia kwamba makaa hushiba, na yakishiba hayavuti tena uchafu, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili aliyatupa akatia mapya. Mambo mengi aliyajua, maskini.

Makaa hayo hayakuwa ya kuni. Mke wa Kankolongo, Bitota, aliyachoma kwa kokwa za ngazi, matunda ya mchikichi, zile zinazobaki ukishakamua mawese. Alizifungia ndani ya pipa, akazichoma, akazinyunyizia maji zingali nyekundu. Wanawake wa kampi ya reli walimcheka sana. "Mama Adolphine, leo tena unapikia samaki?" Naye aliwajibu kwamba ndiyo, na samaki hao hawarudishi sahani kama waume zenu.

Direkta aliipenda mashine mpaka ikawa yake. Mwanzo aliwaambia wageni, "Fundi wetu ametengeneza." Baada ya miezi miwili akasema, "Tumetengeneza." Ilipofika sikukuu ya Chama, alisimama mbele ya kile kioo na abakosti yake mpya, ile suti isiyo na tai, mkono kifuani, akasema, "Nimetengeneza. Kule Kinshasa wako na reakta yao ya atomiki, sisi Kindu tuko na yetu. Makaa ya ngazi, hapana kitu cha kununua Ulaya!" Watu wakapiga makofi. Kankolongo naye alipiga makofi, angefanyaje? Direkta akaandika ripoti, na jibu likaja kwamba mkubwa mmoja kutoka Kinshasa atapita Ijumaa kuiona reakta ya Kindu.

Ndiyo Ijumaa hiyo iliyokuwa inakuja sasa, na samaki walikuwa wamebaki saba.

Kankolongo aliingia sebuleni akijifuta mikono kwenye suruali.

"Ile dawa iliisha?" Mama Okito aliuliza.

"Iliisha, Mama. Nilitia yote. Siku nne, kila jioni matone ishirini, vile karatasi ilisema."

Dawa ilikuwa buluu, chupa moja tu, imekuja kwa ndege baada ya samaki kutokwa na vipele vyeupe kama chembe za chumvi. Direkta alimkabidhi mbele ya mkewe.

"Jioni nilikuwa naona maji buluu," alisema Mama Okito. "Asubuhi nakuta meupe. Siku zote ine, asubuhi meupe. Dawa ilienda wapi?"

"Samaki walikunywa, Mama. Dawa ikifanya kazi rangi inapotea. Hata kwenye matangi ya mvuke, rangi ikiisha njo unajua uchafu umekula dawa."

Alilisema kwa moyo mmoja, kwa sababu aliliamini. Miaka kumi na minne amefanya kazi ya maji, na maji yamemfundisha hivyo. Kila asubuhi alipoyakuta yamerudi meupe alifurahi, akadhani ugonjwa unatoka.

Mama Okito aliweka kikombe chini. "Jana kwenye misa nilimuona mutoto wako. Alifungua kinywa kuimba. Ulimi buluu. Meno buluu."

"Ile ni ya dispanseri, Mama. Iko na vidonda kinywani. Infirmye Musafiri, ule muuguzi wa kule, njo alimupaka."

"Dispanseri gani? Mimi mwenyewe nilituma muntu kule kutafuta aspirini, wakasema hata moja haiko. Weye upate dawa ya kupaka?"

"Mama, mbele ya Mungu..."

"Mungu umuache."

Direkta alikuja saa sita. Alisikiliza yote akiwa amesimama, kofia bado kichwani, asimwangalie fundi hata mara moja. Aliwaangalia samaki. "Kufika Alhamisi," alisema, "unieleze dawa ilienda wapi. Ukishindwa, Alhamisi hiyo hiyo niletee ufunguo wa nyumba ya reli. Mwizi halali kwenye nyumba yangu."

Nyumba yenyewe vyumba viwili na jiko la nje. Lakini ilikuwa ya matofali, na bomba mlangoni, na Kankolongo hakuwa na nyingine duniani. Kwao Kasai ndugu walikwisha kugawana uwanja wa baba yake zamani.

*

Habari ilimtangulia kufika kampi. Alipopita kwa jirani yake Tshibangu, dereva wa gari la moshi ambaye kila siku humwita aje aonje pombe, Tshibangu aliinama akaanza kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. Mke wa Tshibangu alikuwa bombani. Alimwondoa mwanawe wa kiume karibu na Adolphine, binti wa Kankolongo, taratibu, kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na sufuria ya moto.

"Nimesikia," alisema Bitota kabla mumewe hajakaa. "Mi natoka kwa Musafiri sasa hivi. Nilimwambia aandike karatasi kwamba dawa ni yake."

"Ameandika?"

"Ameogopa. Dawa yenyewe haiko kwenye vitabu vyao. Ilibaki kidogo chini ya chupa ya zamani, akamuonea mutoto huruma. Akiandika, watamuuliza aliitoa wapi. Amenipa ile iliyobaki, anasema tumpake wenyewe, kwake tusirudi."

Kankolongo aliketi juu ya kigoda akashika kichwa. Wema wa Musafiri ulikuwa umewafunga kamba shingoni, na huwezi kumkasirikia mtu kwa kumhurumia mtoto wako.

"Niambie kweli," Bitota alisema kwa sauti ya chini. "Hukuchukua?"

Hilo lilimuuma kuliko yote ya sebuleni kwa Direkta.

"Na weye pia?"

"Nauliza mara moja tu, nisiulize tena."

"Sikuchukua hata tone."

"Basi." Bitota akainuka, akarudi kwenye kazi zake, kwa sababu vidonda vya mtoto havingojei kesi. Alitia tone la dawa katika kikombe cha maji, akamwita Adolphine, mtoto wa miaka minne, akamwambia asukutue. Karibu na mlango kulikuwa na beseni la makaa mapya, yale ya kokwa za ngazi, yamelowekwa ili vumbi litoke. Mtoto ni mtoto. Alisukutua, akatafuta mahali pa kutema, akatema ndani ya beseni.

"Aka! Adolphine! Makaa ya Direkta!"

Kwa hasira Bitota alimimina na kilichobaki cha kikombe mle mle, maana tayari yalikwisha kuharibika, akalitikisa beseni ili alimwage nje. Halafu akasimama. Akatikisa tena.

"Baba Adolphine. Njoo."

"Nini?"

"Njoo uangalie. Nimemwaga buluu hapa. Iko wapi?"

Kankolongo aliinama juu ya beseni. Maji yalikuwa na vumbi kidogo la makaa, lakini buluu hapana. Alitia kidole, akakitoa. Akachukua kitambaa, akakijaza makaa, akachanganya tone jingine katika kikombe na kulipitisha pale mara moja, mara mbili, mara tatu. Upande wa pili yalitoka maji ya kunywa.

Jioni nne alikuwa ametia dawa kwa mkono huu, na pembeni mashine yake inazunguka, inainyonya tone kwa tone. Kufika alfajiri samaki walikuwa wanaogelea katika maji matupu. Makaa yanakula uchafu, yanakula rangi ya gogo. Yangeachaje dawa? Mtoto mdogo angeliona hilo. Tena mtoto mdogo ndiye aliyelionyesha.

"Nimewaua mimi," alisema.

"Lakini hukuiba!" Bitota alimshika mabega, uso wote umefunguka. "Unasikia? Hukuiba! Beba hii chupa, beba makaa, uende umuonyeshe!"

*

Jumanne alimwonyesha. Direkta alikubali kwa dakika tano, na Mama Okito akasogea kuangalia. Kankolongo alitia katika glasi tone la dawa ya Musafiri, buluu ile ile ya samaki, maji yakawa buluu ya sketi za watawa. Akayapitisha kwenye makaa ndani ya kitambaa. Glasi ya pili ikajaa maji meupe. Akarudia, kwa sababu Mama Okito alisema arudie.

"Yesu wangu!" alisema Mama Okito. "Basi hakuiba." Akamgeukia mumewe. "Tulimusingizia muntu wa bure."

"Nenda utuletee kahawa," Direkta alisema.

Mama Okito alitaka kusema jingine, akamwangalia mumewe usoni, akaenda.

"Funga mlango, Kankolongo. Nani mwingine ameona hii?"

"Muke wangu peke yake, Mukubwa."

"Muzuri." Direkta alizishika glasi mbili, moja mkono huu, nyingine mkono ule, akazitazama juu ya mwanga wa dirisha. Hakuwa mtu mjinga. Aliona haraka kuliko Kankolongo alivyotegemea, ila alichokiona yeye kilikuwa kingine. "Kwa hiyo mashine njo imeua samaki."

"Ni mimi, Mukubwa. Sikuizima wakati wa dawa. Ukitia dawa, sharti utoe makaa kwanza. Sasa najua. Tukizima leo na tukipata dawa nyingine, hawa saba watapona."

"Mashine ni ya nani?"

Kankolongo aliangalia kile kioo cha taa.

"Nauliza. Ndani ya ripoti iliyoenda Kinshasa, mashine ni ya nani?"

"Ni yako, Mukubwa."

"Ijumaa mukubwa anafika. Anakuta samaki saba, kumi na wawili niliandika. Nimwambie nini? Kwamba reakta yangu inaua?" Alizungumza bila kupaza sauti, karibu kwa urafiki. Akatoa karatasi ndani ya meza, akaandika mistari mitano na kuisukuma mbele. "Saini hapa. Ulichukua dawa sababu ya ugonjwa wa mutoto. Kila muntu ataelewa, baba ni baba. Karatasi inakaa kwenye droo, naitoa mara moja tu, mukubwa akiuliza. Kazi yako inabaki. Nyumba inabaki. Ukikataa, nitaandika kwamba uliharibu mali ya serikali kusudi, mbele ya ziara ya mukubwa. Ile inaitwa sabotaji. Unajua wanafanya nini na muntu wa sabotaji?"

Alijua. Kila mtu alijua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wanasema. Wanasema tu. Kankolongo alisoma mistari ile mara mbili. Jina la mtoto lilikuwemo pia, lile la karatasi za serikali, Kasanda. Alifikiria bomba la mlangoni. Akafikiria masika yaliyokuwa karibu. Akasaini.

"Na hiyo mashine uizime sasa hivi," Direkta alisema akikunja karatasi. "Chupa ya huyo infirmye wako, iliyobaki, tia yote."

Ukweli ule Direkta aliukataa kwa ajili ya mtu, akaupokea kwa ajili ya samaki. Kankolongo alizima pampu, makaa yakashuka na kulala chini ya kioo. Akatia dawa. Maji yakawa buluu, na kesho yake asubuhi yalikuwa buluu vile vile.

*

Bitota alikuwa amepika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki mkavu, chakula cha furaha. Alimwona mumewe mlangoni akajua, lakini aliuliza hata hivyo.

"Aliamini?"

"Aliamini. Aliona kwa macho yake."

"Ee Mungu, asante! Sasa?"

"Nyumba inabaki."

"Basi kwa nini umesimama kama mgeni?"

Akamweleza. Bitota alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umesaini kwamba weye mwizi," alisema, "baada ya kumuonyesha kwamba hukuiba."

"Nilisaini nyumba, Bitota. Itakaa ndani ya droo."

"Na jina la mutoto umeliacha mule?"

Kankolongo alivuta kigoda akaketi. Walikula, na Adolphine peke yake ndiye aliyeongea, kuhusu kuku wa Tshibangu aliyeingia ndani ya pipa la maji.

*

Alhamisi kampi yote iliitwa salongo, kazi ya lazima ya pamoja, wanaume kwa wanawake na watoto wao, kufagia depo na kupaka chokaa mawe ya njia ili kesho mkubwa akute pamependeza. Kabla ya kazi walisalimu bendera kama kawaida, wakaimba. Halafu Direkta akapanda juu ya ngazi ya behewa, na Kankolongo akaona karatasi mkononi mwake. Aliijua kwa jinsi ilivyokunjwa.

"Wasitwayeni, wananchi wenzangu," Direkta alianza, "kesho tunapokea mgeni. Sitaki maneno ya kando kando. Mumesikia samaki wa depo wamekufa, wengine wanasema ni mashine. Mwenyewe aliyefanya ameungama." Akasoma, kwa sauti ile aliyotumia siku za sikukuu. Mimi Kankolongo, fundi wa maji. Niliiba dawa ya serikali. Niliipaka kinywani mwa mtoto wangu Kasanda.

Watu hawakumwangalia Kankolongo. Waligeuka wote pamoja kumwangalia mtoto. Adolphine alikuwa amesimama mbele ya mama yake, fagio dogo mkononi, na alipoona macho mengi hivyo alifungua kinywa kutaka kulia, na ulimi bado ulikuwa na buluu. Mtu mmoja akacheka. Bitota alimfunika mtoto kinywa kwa kiganja. Akambana hivyo, macho chini, na mtoto akalilia ndani ya kiganja, kifua kinapanda na kushuka, sauti haitoki.

"Uwongo," alisema Kankolongo.

Alisema kidogo, mtu wa mbele yake tu ndiye aliyesikia. Akatoka kwenye mstari.

"Uwongo! Hiyo karatasi ni uwongo!"

"Sitwayeni, rudi kwenye mustari," Direkta alisema. "Saini hii si ya mukono wako?"

"Mukono ni wangu. Maneno ni yako." Akamgeukia mkewe. "Bitota, mutoe mutoto mukono kinywani. Mutoe! Hajala kitu cha muntu. Sikilizeni. Ile mashine nilitengeneza mimi, na makaa alichoma muke wangu, mulikuwa munamucheka munajua. Makaa yanakula dawa. Mimi sikujua, nikatia dawa na mashine inatembea, makaa yakala yote, samaki wakafa. Nimewaua mimi, kwa ujinga wangu. Mujinga, ndiyo. Niiteni mujinga mpaka nizikwe. Mwizi, hapana!"

Hakuna aliyepiga makofi, tusidanganyane. Tshibangu alikohoa. Wengine waliangalia mawe ya chokaa. Juu ya ngazi ya behewa Direkta aliikunja karatasi mara mbili, mara nne, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi, kwa sababu neno likishatamkwa mbele ya watu mia mbili halirudi ndani ya droo. Kesho yule mgeni atalisikia, kama si kwa huyu kwa yule.

"Ufunguo," alisema hatimaye. "Kabla ya saa sita."

*

Karani wa depo alikaa juu ya kigoda chao mlangoni, akingoja ufunguo, akijifanya anasoma. Alisema kwamba wakiwahi treni ya mchana hakuna atakayewafuata, Direkta hataki kelele zaidi ya zile. Vitu havikuwa vingi. Sufuria, magunia mawili, sanduku la nguo, kitanda. Bitota hakuwa amesema neno tangu uwanjani, na Kankolongo aliogopa kimya hicho kuliko karani.

"Unajua tutalala wapi?" aliuliza Bitota mwishowe.

"Sijui."

"Hata mi sijui." Aliinama akashika miguu ya kitanda upande wake. "Shika ule. Mlango mwembamba, tukilaze."

Adolphine aliingia mbio kutoka nje, ambako watoto wa bombani walikuwa wanapiga kelele. Alisimama kati yao akihema.

"Baba, wanasema weye iko mujinga!"

"Njo kweli, mama," Kankolongo alisema. Akaachia kitanda kidogo. "Wanasema nini tena?"

Mtoto alifikiri.

"Basi. Njo ile tu."

Kankolongo alimtazama Bitota, na Bitota alikuwa akimtazama yeye. Kisha wakakiinua kitanda, wakakilaza ubavu, wakakipitisha mlangoni mbele ya karani.